OID zipi za kufuatilia simu za intaneti ofisini? Njia nne za SNMP zikilinganishwa

Simu ya ofisi inayopita kwenye intaneti ikigoma, lalamiko huja kwa maneno mawili: "Simu haipiti." Nyuma ya maneno hayo huenda swichi imekosa umeme, kiungo cha redio kati ya Mbeya na Tukuyu kimekatika, seva ya Asterisk (programu ya mtambo wa simu) imesimama, tranki ya mtoa huduma (njia ya simu kwenda nje) imekataliwa, au simu inapita lakini sauti inakatikakatika. SNMP, itifaki ya kuviuliza vifaa vya mtandao hali zao, inaweza kukuonyesha yote hayo mapema, ila si kwa OID moja. Kila familia ya OID ina swali lake, na ukiiuliza swali la familia nyingine utapata grafu nzuri isiyokusaidia kitu siku ya matatizo.

Kwa ufupi: OID ni mlolongo wa namba unaotaja kitu kimoja ndani ya kifaa. Vinavyoanza na 1.3.6.1.2.1 ni vya wote, havijali kifaa kimetengenezwa na nani. Vinavyoanza na 1.3.6.1.4.1 ni vya kampuni au miradi, na namba inayofuata ndiyo inayomtaja mwenyewe: 9 ni Cisco, 8072 ni Net-SNMP, 14988 ni MikroTik, 22736 ni Digium, walioanzisha Asterisk. Programu ya ufuatiliaji, iwe Zabbix, LibreNMS au Cacti, huuliza kupitia UDP 161. Kifaa kikiwa na habari ya kuleta chenyewe, hupeleka UDP 162.

| Njia | Inajibu nini vizuri | Haijibu nini | Kazi ya kuiweka |
|---|---|---|---|
| OID za kawaida | umeme, nyaya, viungo, msongamano | simu ngapi zimejisajili | ndogo |
| res_snmp ya Asterisk | simu zinazoendelea, jumla ya simu | usajili, tranki, ubora wa sauti | ya kati |
| extend ya Net-SNMP | chochote ambacho amri inaweza kuhesabu | hakuna, ila unaijenga mwenyewe | ya kati |
| OID za Cisco | usajili, ubora wa sauti kati ya matawi | vifaa visivyo vya Cisco | kubwa, na vifaa ni ghali |

OID za kawaida: anza hapa hata kama una mtambo wa gharama

Mtu anayefuatilia simu huwa na haraka ya kwenda kwenye mtambo wa simu. Katika mikoa yetu hilo ni kosa, kwa sababu sehemu kubwa ya matatizo ya simu huanzia kwenye umeme na kwenye njia. Kuanzia Novemba hadi Aprili, mvua na radi vikipamba moto kuanzia Mufindi hadi Rungwe, OID tano au sita za kawaida zinakupa faida kuliko moduli yoyote ya simu.

Ya kwanza ni ya UPS, kwenye tawi la 1.3.6.1.2.1.33. Hali ya betri iko 1.3.6.1.2.1.33.1.2.1.0: 2 ni nzima, 3 imepungua, 4 imeisha. Dakika zilizobaki ziko 1.3.6.1.2.1.33.1.2.3.0. Si kila UPS inajibu tawi hili. Zile ndogo za mezani hazina kadi ya mtandao kabisa, kwa hiyo kabla ya kununua uliza kama ina kadi ya SNMP na kama inafuata RFC 1628, waraka unaoeleza tawi hili.

Ya pili ni umeme unaopita kwenye waya wa mtandao kwenda simuni. Tawi lake ni 1.3.6.1.2.1.105. Hali ya kila pota iko 1.3.6.1.2.1.105.1.1.1.6: 2 maana yake swichi inatafuta kifaa, 3 inatoa umeme, 4 kuna hitilafu. Jumla ya wati zinazotumika iko 1.3.6.1.2.1.105.1.3.1.1.4. Hii ya mwisho ndiyo inayoeleza kwa nini simu mbili za mwisho haziwaki baada ya kuongeza kamera. Pota moja ya 802.3af (kiwango cha kupitisha umeme kwenye waya wa mtandao) inaweza kutoa hadi wati 15.4, lakini swichi nyingi ndogo hazina uwezo wa kutoa kiasi hicho kwenye pota zote kwa wakati mmoja. Zikifika ukomo, pota za mwisho ndizo zinazonyimwa.

Kisha njia yenyewe. Tumia kaunta za biti 64: 1.3.6.1.2.1.31.1.1.1.6 kwa kinachoingia na 1.3.6.1.2.1.31.1.1.1.10 kwa kinachotoka. Zile za zamani za biti 32, 1.3.6.1.2.1.2.2.1.10 na .16, hujaa na kurudi sifuri baada ya baiti bilioni 4.29. Kwenye kiungo cha Mbps 100 kinachotumika chote, hiyo ni chini ya dakika sita. Kwenye Gbps 1 ni sekunde 34. Ukiuliza kila dakika tano, grafu itakudanganya bila kuonyesha kosa lolote. SNMP toleo la 1 haiwezi kubeba kaunta za biti 64, sababu tosha ya kuachana nayo.

Usiishie kwenye trafiki. Simu moja ya G.711 inakula takribani kbps 80 kila upande ukihesabu vichwa vya IP, UDP na RTP, ya G.729, kodeki inayobana sauti zaidi, inakula kama kbps 24. Kwa ofisi yenye simu kumi hewani, hata Mbps 1 haifiki. Kinachoua sauti ni pakiti zinazotupwa na zinazoharibika: 1.3.6.1.2.1.2.2.1.14 kwa makosa yanayoingia, na 1.3.6.1.2.1.2.2.1.19 kwa pakiti zilizotupwa wakati wa kutoka. Hiyo ya pili ikipanda kila siku saa nne asubuhi, kuna mtu anapakia mafaili makubwa na ruta haijaipa sauti kipaumbele.

Na kuna OID moja ambayo tungeiweka kwenye kila pota muhimu Iringa, Njombe na Mbeya: kasi ya kiunganishi, 1.3.6.1.2.1.31.1.1.1.15. Pota iliyoguswa na radi mara nyingi haifi moja kwa moja. Jozi moja ya waya inakufa, pota inashuka kutoka 1000 hadi 100, pengine 10, na kazi inaendelea kwa kusuasua kwa wiki kadhaa huku makosa yakiongezeka. Hali ya pota itaonyesha "iko juu", na ping itajibu. Kasi ndiyo inayosema ukweli. Weka tahadhari itakayolia namba hiyo ikibadilika.

Ukitumia MikroTik, kama matawi mengi yanavyofanya, huna haja ya kukisia OID. Andika `/interface print oid` nayo itakuorodheshea. Volteji inayoingia kwenye ruta iko 1.3.6.1.4.1.14988.1.1.3.8.0, kwa sehemu za kumi, yaani 238 ni volti 23.8. Kwa kituo cha redio kinachoendeshwa na sola na betri mlimani, hiyo ni namba ya kuangalia kila siku alfajiri. Si kila modeli ina kipimo hicho.

res_snmp ya Asterisk: nzuri kwa kuhesabu simu, kipofu kwa usajili

Asterisk ina moduli yake ya SNMP. Haijibu UDP 161 yenyewe. Inajiunga na snmpd, huduma ya Net-SNMP inayojibu maswali ya SNMP kwenye seva, kama ajenti mdogo kupitia soketi. Upande wa Asterisk, faili la `res_snmp.conf` linahitaji mistari miwili chini ya `[general]`:

```
subagent = yes
enabled = yes
```

Upande wa `/etc/snmp/snmpd.conf`:

```
master agentx
agentXSocket /var/agentx/master
agentXPerms 0660 0550 nobody asterisk
```

Mstari huo wa tatu ndio unaosahaulika. Asterisk ikiendeshwa na mtumiaji `asterisk` asiye na ruhusa ya soketi, moduli itapakiwa bila shida, `module show like res_snmp` itaonyesha inaendesha, na bado tawi la Digium litarudi tupu. Hakikisha pia snmpd inaanza kabla ya Asterisk mashine inapowaka.

Ukifanikiwa, hizi ndizo zenye maana:

1.3.6.1.4.1.22736.1.2.5.0 ni simu zinazoendelea sasa hivi.
1.3.6.1.4.1.22736.1.2.6.0 ni jumla ya simu tangu Asterisk ianze.
1.3.6.1.4.1.22736.1.2.1.0 ni muda tangu Asterisk ianze, kwa sehemu za mia za sekunde.
1.3.6.1.4.1.22736.1.5.1.0 ni idadi ya chaneli.

Watu huchanganya ya kwanza na ya mwisho. Mazungumzo ya kawaida kati ya watu wawili yana chaneli mbili, na anayesikiliza ujumbe wa sauti ana moja. Ukiona chaneli 20 usiandike kwenye ripoti kwamba kuna simu 20.

Kati ya simu zinazoendelea na jumla ya simu, tunapendelea jumla. Ukiuliza kila dakika tano, simu ya dakika mbili inaweza kuanza na kuisha katikati bila kuonekana kwenye namba ya kwanza. Jumla haikosi simu: iweke kwenye programu kama kaunta, na tofauti kati ya jibu moja na lingine ndiyo simu zilizopita. Ikirudi sifuri, Asterisk imeanza upya, na hilo nalo ni habari. Usitumie 1.3.6.1.2.1.1.3.0 kwa kazi hiyo, kwa sababu inahesabu muda wa snmpd, si wa Asterisk wala wa mashine.

Upungufu mkubwa ni huu: tawi hili halisemi simu ngapi zimejisajili wala kama tranki iko hai. Ofisi ya Makambako inaweza kupoteza simu zote nane na res_snmp ikaendelea kusema mtambo ni mzima, kwa sababu kweli mtambo ni mzima. Pia jedwali la chaneli, .22736.1.5.2, liache. Lina safu nyingi kwa kila chaneli, na chaneli zinazaliwa na kufa wakati bado unalisoma.

extend: njia tunayoipendekeza kwa ofisi nyingi za Asterisk

snmpd inaweza kuchukua jibu la amri yoyote na kuligeuza OID. Ukiandika `extend simu ...`, mstari wa kwanza wa jibu unapatikana hapa:

1.3.6.1.4.1.8072.1.3.2.3.1.1.4.115.105.109.117

Mkia huo si uchawi: 4 ni idadi ya herufi za jina "simu", na 115, 105, 109, 117 ni herufi zenyewe kwa namba za ASCII. Ukibadilisha jina, mkia unabadilika. Chagua majina mafupi.

Swali la simu ngapi ziko hewani linajibiwa na `pjsip show contacts`. Kishawishi ni kuiweka amri hiyo moja kwa moja kwenye extend. Itakwama. Kwenye Debian snmpd huendeshwa na mtumiaji `Debian-snmp`, asiyeruhusiwa kuzungumza na soketi ya Asterisk. Badala ya kumpa ruhusa za juu, acha cron (inayoendesha amri kwa ratiba) iandike namba kwenye faili na snmpd isome faili tu. Tengeneza folda ya `/var/lib/simu`, kisha kwenye `/etc/cron.d/simu`:

```
* * * * * root /usr/sbin/asterisk -rx "pjsip show contacts" | grep -c Avail > /var/lib/simu/t; mv /var/lib/simu/t /var/lib/simu/idadi
```

Na kwenye snmpd.conf:

```
extend simu /bin/cat /var/lib/simu/idadi
extend umri /usr/bin/stat -c %Y /var/lib/simu/idadi
```

Kila kipande hapo kina sababu yake. Njia kamili ya `/usr/sbin/asterisk` ni lazima, kwa sababu faili za `/etc/cron.d` hazipati njia ya sbin zenyewe. Ukiandika `asterisk` tupu utapata 0 milele huku simu zote zikifanya kazi. Faili la muda na `mv` vinazuia snmpd isisome faili likiwa bado tupu. Nukta-mkato badala ya `&&` ni kwa sababu grep ikihesabu sifuri hurudisha alama ya kushindwa, na `mv` isingefanyika siku ile ile unayoihitaji. "Avail" yenye A kubwa haikamati "Unavail". Na `umri` unakulinda cron ikifa: namba ya simu itabaki 24 wiki nzima, lakini saa ya sasa ukitoa `umri` (wakati faili lilipoandikwa mara ya mwisho, kwa sekunde) itazidi dakika tano na tahadhari italia.

Sharti moja: weka `qualify_frequency=60` kwenye AOR za simu (sehemu za mpangilio wa pjsip zinazoshika anwani za simu). Bila hiyo Asterisk haizichunguzi, hali yao inakuwa NonQual, na hesabu yako itakuwa sifuri. Kumbuka pia kwamba anwani ya kudumu ya tranki huhesabiwa humo humo, hivyo ofisi yenye simu 24 inaweza kuonyesha 25.

Kwa tranki, fanya vivyo hivyo na `pjsip show registrations` na `grep -c Registered`, kwa jina kama `tranki`. Ubora wa sauti wa simu zilizo hewani unapatikana kwa `pjsip show channelstats`, inayotoa jita (kuyumba kwa muda wa pakiti kufika) na pakiti zilizopotea. Kuichambua kunahitaji hati ndefu kidogo, na kama ofisi ni ndogo hatungekushauri uanze nayo.

Mtego wa mwisho unahusu njia hii na ile ya res_snmp. snmpd.conf inayokuja na Debian husikiliza 127.0.0.1 pekee, na huruhusu tawi dogo la mfumo tu. Badilisha `agentaddress`, kisha ongeza `view` kwa .1.3.6.1.4.1.8072.1.3.2 na .1.3.6.1.4.1.22736. Watu hupoteza siku nzima wakitafuta kosa kwenye Asterisk kumbe snmpd ndiyo inayoficha. Jaribu kwa namba tupu, `snmpwalk -On`, ili usihangaike na faili za MIB (zinazogeuza OID kuwa majina) ambazo hazijawekwa.

Cisco: inalipa pale penye matawi mengi

Kwenye Unified CM, mtambo wa simu wa Cisco, simu zilizosajiliwa ziko 1.3.6.1.4.1.9.9.156.1.5.5.0, zisizosajiliwa .1.5.6.0, na zilizokataliwa .1.5.7.0. Namba ni za seva unayoiuliza tu. Ukiwa na seva mbili lazima ujumlishe, vinginevyo simu zikihamia seva ya pili utadhani zimekufa. Tawi likiwa tupu, huduma ya Cisco CallManager SNMP Service haijawashwa kwenye seva hiyo.

Lakini hazina halisi ya Cisco iko kwenye ruta. Kipimo cha IP SLA hutuma pakiti zinazofanana na za simu kutoka tawi hadi makao makuu na kukupa alama ya ubora:

```
ip sla 10
 udp-jitter 10.20.0.1 16384 codec g711alaw
 frequency 60
ip sla schedule 10 life forever start-time now
```

Upande wa pili unahitaji `ip sla responder`. Alama hiyo ya ubora, MOS, inasomwa 1.3.6.1.4.1.9.9.42.1.5.2.1.42.10, ambapo 10 ya mwisho ni namba ya kipimo. Imezidishwa mara 100: 406 ni 4.06. Laini safi ya G.711 huzidi kidogo 430. Ikishuka chini ya 360 watu wataanza kulalamika, nawe utajua kabla yao.

Gharama yake ni hii: kwa mpangilio wa kawaida, kila kipimo ni pakiti 1000, moja kila milisekunde 20, yaani sekunde 20 za kbps 80. Ni sawa na kuongeza simu moja kwenye kiungo. Kwenye faiba ya Mbeya mjini hakuna atakayeona; kwenye kiungo chembamba cha redio, weka `frequency 300`. Usipime kwa nyakati zinazogongana matawi yote.

Ukiwa huna ruta za Cisco, usinunue kwa ajili ya OID hii pekee. Lengo la ITU-T G.114 ni ucheleweshaji usiozidi milisekunde 150 kwenda upande mmoja, na ping ya kila dakika ukiifuatilia vizuri itakuonyesha sehemu kubwa ya picha.

Kuna pia MIB za SIP za RFC 4780 ya mwaka 2007, matawi 149 hadi 151 chini ya 1.3.6.1.2.1, zilizokusudiwa kuwa za wote. Vifaa vinavyozijibu ni vichache. Jaribu `snmpwalk` mara moja. Zikinyamaza, endelea na mengine.

Kuuliza au kusubiri, v2c au v3

Taarifa zinazotumwa na kifaa chenyewe huwahi, lakini hupita kwenye UDP na hazirudiwi. Kiungo cha Tunduma kikikatika, taarifa ya kukatika inajaribu kupita kwenye kiungo hicho hicho. Kwa hiyo kuuliza kuwe msingi, na taarifa uziache kwa UPS, 1.3.6.1.2.1.33.2.1, kwa sababu umeme unaokatika na kurudi ndani ya dakika moja hautaonekana ukiuliza kila dakika tano.

Kwa SNMP toleo la v2c, jina la jumuiya, ambalo hutumika kama nywila, linasafiri wazi. Ndani ya ofisi moja, ukilifunga kwa anwani ya seva ya ufuatiliaji pekee, linatosha. Matawi yakipita kwenye mtandao wa mtoa huduma, tumia v3 yenye SHA na AES, na nywila zisizopungua herufi 8. Angalizo: ukinakili mashine pepe iliyokwisha sakinishwa snmpd, zote mbili zitakuwa na engineID (kitambulisho cha ajenti kwenye v3) moja, na programu itaanza kulalamika kuhusu muda kwa zamu. Futa engineID ya nakala kabla ya kuiwasha.

Kwa ofisi yako

Sacco au shule yenye simu 10 hadi 30 na Asterisk moja: OID za kawaida kwenye swichi, ruta na UPS, pamoja na extend tatu, `simu`, `tranki` na `umri`. Acha res_snmp.

Hospitali au kituo cha kupokea simu nyingi: ongeza res_snmp kwa ajili ya jumla ya simu, kwa sababu hapo utaulizwa simu ngapi zilipita saa ngapi.

Kiwanda cha chai au kampuni ya mbao yenye matawi kutoka Mafinga hadi Tukuyu, ikiwa na ruta za Cisco tayari: washa IP SLA leo, hata kama mtambo wa simu ni Asterisk, kisha usomaji wa usajili uufanye kwa extend.

Muda wa kuuliza: UPS na usajili kila sekunde 60, trafiki na makosa kila dakika 5, kasi ya pota kila dakika 15. Tahadhari ya usajili ilie baada ya majibu matatu mfululizo kuwa chini ya kawaida, kwani simu zikiwashwa upya baada ya umeme kurudi huchukua dakika moja au mbili kujisajili zote.